Kesi ya Ardhi ya Meru Darasani

Kitabu cha Kirilo Japhet na Earle Seaton, The Meru Land Case, kilitoka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Azimio kila mwanafunzi wa sekondari analijua. Kitabu hiki wachache wamekishika, hata chini ya mlima wenyewe. Ni hasara.

Humo mmesimuliwa jinsi Wameru wapatao 3,000 walivyoondolewa Engare Nanyuki kuanzia Novemba 1951, nyumba zikatiwa moto, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe. Mwaka 1952 Kirilo akasimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa. Kamati ikamuunga mkono. Baraza Kuu likakosa thuluthi mbili za kura. Alishindwa. Hapa ndipo penye utamu wa kufundishia, na hapa ndipo skuli zetu hupita mbio, kwani mtihani hupenda tarehe na “sababu tano”. Aliyeshindwa kura alirudi na nini? Alirudi na habari, akaitembeza Tanganyika. TANU ilipozaliwa 1954 ilikuta masikio yamekwisha zibuka.

Kasoro ipo. Waandishi ni mdai na wakili wake, basi msomaji asitaraji hukumu ya mtu wa kando. Lugha nayo ni ya kimahakama, kavu (sisi tuliolelewa na tenzi twaitafuta sauti ya mama aliyetoka na mwana mgongoni). Tena ni Kiingereza: bibi wa Engare Nanyuki asiyekijua hawezi kukisoma akamsahihisha mjukuu wake.