Maana na Mfano: Kamusi ya Kiingereza Chini ya Kilimanjaro

Mwezi Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro na weupe uliokifunika kilele chake. Mmoja wa waongozaji wake aliuita weupe ule "baridi" tu. Rebmann akaandika kuwa ni theluji. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakupata kuukanyaga mwambao huu, akakanusha. Kitu ni kimoja na watu ni watatu: wa kwanza alikijua kwa ngozi yake, wa pili kwa jina alilotoka nalo kwao, na wa tatu kwa hoja za vitabuni. Kila ajifunzaye msamiati mgumu wa Kiingereza hana budi kuchagua mahali pa kusimama baina ya watu hao watatu, na aghalabu hujikuta amesimama na Cooley.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa Kiboriloni, pale pembezoni mwa mji wa Moshi, barabara iendayo Himo. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na anapoingia sekondari anatakiwa afahamu biolojia, historia na jiografia kwa Kiingereza. Silaha yake ni daftari lenye safu mbili: kushoto neno, kulia maana. Hukariri maneno kumi usiku, na asubuhi akiulizwa hujibu bila kosa. Lakini mpe kalamu atunge insha, maneno yale kumi yatakaa kimya. Si kwamba ameyasahau. Hajapata kuyaona yakifanya kazi.

Waliotunga kamusi za wanafunzi waliliona tatizo hili mapema. Michael West na James Endicott, katika kamusi yao ya mwaka 1935, waliona dhuluma ya kulifasiri neno gumu kwa neno gumu zaidi, wakajifunga kueleza maana zote kwa maneno 1,490 tu. A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza Japani, alikwenda hatua ya pili. Kamusi aliyoitunga na wenzake, iliyotoka Tokyo mwaka 1942 na kuchapishwa upya na Oxford mwaka 1948, ilimwonyesha msomaji namna kitenzi kinavyosimama katika sentensi. Kisha mwaka 1987 kamusi ya Cobuild, chini ya John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ikaifanya fasili yenyewe kuwa sentensi kamili, na mifano yake ikachotwa katika maandishi na mazungumzo ya watu badala ya kubuniwa mezani. Safari hii ya miaka hamsini ina funzo moja: maana huonyesha neno ni nini, na mfano huonyesha neno huandamana na nani.

Neno "threadbare" litathibitisha hayo. Fasili yake ni nyepesi: nguo iliyochakaa hata nyuzi zake zikaonekana. Katika soko la Kiboriloni, lililojulikana kwa miaka mingi kwa biashara ya mitumba, hakuna asiyekijua kitu hicho. Belo likifunguliwa, mnunuzi hulikunjua koti, akalielekeza kwenye jua na kupitisha kidole kwenye viwiko na ukosi. Lakini mwanafunzi aliyeandika kulia mwa daftari "-liochakaa" ataliweka neno hilo kwenye viatu, kwenye gari, hata kwenye sufuria, na mwalimu atamkosoa asijue kosa lake liko wapi. Sentensi mbili tu zingemwokoa: moja ya zulia, nyingine ya udhuru uliosemwa mara nyingi mno hata haumdanganyi mtu. Hapo angetambua kuwa neno lina urafiki na kitambaa, na kwamba hoja nayo huweza kuvaliwa mpaka ikatoboka.

Hata hivyo, mfano nao una upofu wake. Neno "furrow" katika kamusi za wanafunzi hufasiriwa kuwa ni mfuo unaoachwa na plau shambani, au mkunjo wa paji la uso. Kwenye vihamba vya migomba na kahawa vya Uchaga, kilimo kilichozoeleka ni cha jembe la mkono. Walakini maandishi ya Kiingereza ya enzi ya ukoloni kuhusu Kilimanjaro yamejaa neno hilo, kwani ndilo walilolitumia maofisa na wasafiri kuitaja mifongo: mifereji ambayo koo za Wachaga waliichimba kuteremsha maji kutoka vijito vya juu ya mlima hadi mashambani. Mjukuu wa waliochimba mfongo analifungua kamusi, anaona plau, na kuamini kuwa neno hilo halimhusu. Kumbe lilikwisha kuishi kwao kabla ya yeye kuzaliwa.

Kamusi za lugha mbili hazikuliziba pengo hili. Tangu A. C. Madan, aliyefanya kazi Unguja na kutoa kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, hadi Frederick Johnson mwaka 1939, jitihada kubwa ilikuwa kutafuta kisawe. Kisawe ni mlango mzuri, ila mwenye kubaki mlangoni hajaingia nyumbani. "Frugal" na "miserly" zote huweza kutafsiriwa "bahili". Lakini ya kwanza ni sifa ya mama ajuaye kuiendesha nyumba kwa kidogo, na ya pili ni tusi. Mwenye kuzichanganya atamtukana mtu aliyekusudia kumsifu.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni mwanafunzi atunge sentensi zake mwenyewe, za soko lake na mlima wake. Ushauri huo ni nusu ya haki. Asiyesikia kwanza wenye lugha wanavyolitumia neno atatunga Kiswahili kilichovikwa nguo za Kiingereza. Naye anayeishia kunakili mifano ya treni na bustani za Uingereza atakuwa na lugha ya kujibia mtihani, asiwe na lugha ya kusema lake. Utaratibu ulio sawa una hatua tatu: maana kwa maneno mepesi, mfano wa kweli kutoka kwa wenye lugha, kisha sentensi ya mwanafunzi kuhusu kitu anachokijua kwa macho na mikono yake. Hatua hiyo ya tatu hakuna kamusi ya London iwezayo kumfanyia. Ni kazi ya mwalimu na ya daftari, na daftari hilo halina budi kuongezwa safu moja.

Mwongozaji wa Rebmann hakuwa mjinga alipotamka "baridi". Alisema alichokijua, kwa neno alilokuwa nalo, na mlima ukamshuhudia. Cooley alikuwa na maneno mengi kumpita, na alikosea.