Jemadari au Kirongozi? Kuisoma Upya *Sunzi Bingfa* kutoka Mwambao wa Rumonge

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna kitabu cha kale cha Kichina kinachonasibishwa na Sun Tzu kinavyotumiwa kufundishia uongozi, na yanakipima kwa historia ya mwambao wa Rumonge nchini Burundi. Hoja kuu ni kwamba usomaji uliozoeleka huzichukua mbinu za kumshinda adui na kuiacha mipaka ambayo kitabu chenyewe kimeiwekea vita. Mipaka hiyo ndiyo yenye faida kwa mshauri wa sera. Aidha, zipo sehemu za kitabu ambazo mshauri huyo hana budi kuzikataa.

1. Jina la kitabu

*Sunzi Bingfa* ni kitabu kifupi chenye sura 13. Kwa wasomaji wengi wa ukanda wetu kimefika kupitia Kifaransa na Kiingereza. Tafsiri ya Kifaransa ya kasisi Mjesuiti Joseph-Marie Amiot ilichapishwa Paris mwaka 1772. Ile ya Kiingereza ya Lionel Giles ilitoka mwaka 1910. Njia hiyo imeacha alama katika jina. *Bing* ni silaha au askari. *Fa* ni kanuni au utaratibu. “Kanuni za Majeshi” lingekuwa jina la karibu zaidi na asili kuliko “Sanaa ya Vita”, ambalo ni mwangwi wa lugha za Ulaya. Tofauti hii si ya mapambo. Anayeambiwa “sanaa” hutafuta ustadi wa mtu mmoja; anayeambiwa “kanuni” hutarajia kukuta pia makatazo. Semina za uongozi zimeshika maana ya kwanza, na kitabu kikafupishwa kuwa orodha ya hila: ficha nia, peleleza, piga palipo dhaifu.

2. Kirongozi na jemadari

Kiswahili kina ushahidi wake katika suala hili. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi kwenda Ujiji, kiongozi, au kirongozi, alikuwa mtu aliyetangulia mbele ya wapagazi na kuwaonyesha njia. Richard Burton, aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, aliliandika neno hilo kwa umbo la *kirangozi*. Misafara hiyo haikuwa safi: ilibeba pembe za ndovu, ikaswaga na watumwa. Hata hivyo neno lenyewe lilimtaja mtu ambaye mamlaka yake yalitokana na kuijua njia na kuaminiwa na wanaomfuata. Neno *siasa* nalo lilibeba, pamoja na maana tuliyoizoea leo, maana ya upole na uangalifu.

Lugha ya utawala wa sasa imekwenda upande mwingine. *Lengo* limetokana na kulenga. Mkulima anayestahili kupewa mbegu huitwa katika ripoti zetu *mlengwa*, kana kwamba mshale umeelekezwa kwake. Ajabu ni kwamba Sun Tzu mwenyewe, katika sura ya 7, anamtegemeza jemadari kwa kirongozi: asiyewatumia waongozaji wenyeji hawezi kufaidika na ardhi anayopita. Usomaji wa semina umemkweza jemadari na kumsahau mtu anayemwonyesha njia.

3. Mwezi Gisabo na kipimo cha kwanza

Mwambao wa Rumonge ni sehemu ya Imbo, ukanda mwembamba wa tambarare wenye ziwa upande mmoja na milima upande wa pili. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotokea Ujiji walijijenga kandokando ya ziwa hili. Mkuu wao, Mohammed bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuiingilia nchi ya milimani akarudishwa nyuma na watu wa Mwami Mwezi Gisabo. Mwezi hakukisoma kitabu cha Sun Tzu, na itakuwa kosa kumgeuza kuwa mwanafunzi wake. Swali linalofaa ni kama kitabu hicho kinatusaidia kuona jambo ambalo lingejificha.

Msomaji wa hila ataisifu milima. Lakini milima ilikuwapo vilevile mwaka 1903, Kapteni von Beringe alipomlazimisha Mwezi kukubali Mkataba wa Kiganda. Bunduki za Wajerumani ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni Maconco na Kilima, wapinzani wa Mwami walioungana na Wajerumani. Sura ya kwanza ya kitabu inataja mambo matano ya kupimwa kabla ya vita. Ardhi ni la tatu; la kwanza ni *dao*, yaani njia inayowafanya watu na mtawala wao kuwa na nia moja. Ufa wa ndani ulitangulia kushindwa. Kwa gharama ya mamia ya ng’ombe na ya kuwatambua wapinzani wake, Mwezi alibaki katika kiti chake hadi alipofariki mwaka 1908. Anayeabudu ushindi ataita hilo kusalimu amri. Sura ya tatu, inayotanguliza kuihifadhi nchi kuliko kuivunja, ingemhukumu kwa kipimo kingine.

4. Aprili 1972

Mwezi Aprili 1972, huko Yinqueshan katika jimbo la Shandong, yalifukuliwa makaburi ya enzi ya Han yaliyokuwa na vijiti vya mianzi vyenye maandishi, miongoni mwake nakala ya kale ya kitabu hiki. Tarehe 29 ya mwezi huohuo uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac. Kukutana kwa tarehe hizi ni sadfa tupu, lakini kunatupa nafasi ya kuweka andiko na tukio kando kwa kando.

Waasi Wahutu waliwaua Watutsi, wakawaua pia Wahutu waliokataa kujiunga nao. Jibu la serikali ya Rais Michel Micombero halikuishia kwa waasi. Kwa miezi kadhaa Wahutu walikamatwa na kuuawa nchini kote, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, watumishi wa umma. Makadirio mengi ya waliouawa yamo kati ya 100,000 na 300,000. Desemba 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza mbele ya bunge kwamba yaliyotendeka yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu.

Wanaofundisha kwamba uongozi ni vita wanapaswa kuusoma ukurasa huu wa historia pamoja na sura ya 12, inayomkataza mtawala kuanzisha vita kwa hasira, kwa kuwa hasira hupita ilhali waliokufa hawarudi. Hata udanganyifu unaotajwa katika sura ya kwanza umeelekezwa kwa jeshi pinzani. Kundi zima la raia likishapewa jina la adui, kila mbinu ya kitabu huonekana halali dhidi ya mwalimu aliyesimama darasani. Sitiari hapo imekwisha kuwa amri.

Uhakiki wa haki haukomei kwa wasomaji. Sura ya 11 inamtaka jemadari awafiche askari nia yake, awaswage kama kondoo, awafikishe mahali pasipo na pa kutorokea. Ufafanuzi mwema hauwezi kuiokoa sehemu hii kwa matumizi ya kiraia. Raia anayeswagwa bila kujua aendako hajaongozwa.

5. Chombo kimoja

Sura hiyohiyo ina mfano ambao wavuvi wa ndagala na mukeke hawahitaji kuelezwa. Watu wa Wu na wa Yue walichukiana. Lakini wakikutwa na dhoruba katika chombo kimoja, husaidiana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mfano huu hupendwa na wahubiri wa umoja. Mwambao wa Rumonge unaonyesha ugumu wake.

Wengi waliokimbia mwaka 1972 walipokewa Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba ya Imbo, yakiwamo ya michikichi, yaliingia mikononi mwa wengine, na baadhi yaligawiwa na dola yenyewe. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliifanya ardhi ya wanaorejea kuwa suala la amani, na mwaka 2006 iliundwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine. Mwanzoni tume hiyo ilielekea kugawanya shamba kati ya aliyerejea na aliyelikuta. Baadaye ikaegemea kumrudishia mwenye asili shamba lote. Kila mwelekeo uliacha familia yenye kinyongo: ama iliyopewa nusu ya mali yake, ama iliyoondolewa mahali ilipolima kwa miongo kadhaa ikiwa na hati ya serikali.

Lugha ya ushindi haina msaada hapa, kwani mshindi na mshindwa watachota maji mahali pamoja kesho yake. Lugha ya chombo kimoja nayo haitoshi. Kumwambia mtu apige kasia bila kwanza kukiri kwamba chombo kilikuwa chake ni kumdhulumu mara ya pili. Tena, Sun Tzu anautumia mfano huo kuhalalisha kuwatia askari hatarini ili waungane. Umoja wa hofu hudumu kadiri ya dhoruba. Kati ya sifa tano za jemadari zilizotajwa katika sura ya kwanza, ya pili ni kuaminika. Katika mgogoro wa ardhi sifa hiyo ina maana mahususi: hati iliyotolewa na serikali iheshimiwe, na serikali iliyotoa hati isivyo haki ibebe yenyewe gharama ya fidia badala ya kumtwika jirani.

6. Hitimisho

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, kitabu hiki kifasiriwe kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka Kichina, pamoja na maelezo, ili makatazo yake yasomwe sambamba na mbinu zake. Pili, nyaraka za sera zichunguze msamiati wake: *mnufaika* yupo, na hakuna sababu ya kumwita *mlengwa*. Tatu, uamuzi wowote kuhusu ardhi ya mwambao utanguliwe na mashauriano kwa Kirundi na Kiswahili pamoja na wanaoijua njia: wazee waliobaki, waliorejea, wanawake wakamuaji wa mawese na wavuvi. Sun Tzu hakuwaza kuhusu raia wenye haki ya kuulizwa. Kanuni yake ya waongozaji wenyeji, hata hivyo, inatosha kumkumbusha mshauri aliye mbali na ziwa kwamba ramani aliyo nayo mezani haijakamilika.