Sifa kwa Wanaochekesha Pamoja

Urafiki wa kazini hudharauliwa upesi. Watu husema kengele ya kutoka ikilia, nao umekwisha. Wachekeshaji hodari hutufundisha kuutazama upya, na kwa hilo wanastahili sifa.

Tazama Abbott Elementary, mchezo wa televisheni ulioanza Marekani mwaka 2021. Janine Teagues, mwalimu kijana wa shule ya msingi huko Philadelphia, anatamani Barbara Howard awe kwake kama mama. Barbara, mwalimu wa siku nyingi, ana mume na kanisa lake. Anachompa Janine kwanza ni mfano wa kazi. Quinta Brunson, aliyeutunga mchezo huo na anayemcheza Janine, hauharakishi ukaribu wao. Anauacha ukue darasani, siku baada ya siku.

Hapa Katanga, nchini Kongo, tunao ufundi wa jamaa moja na huo. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilichekesha redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili chetu, bila maandishi mkononi. Waigizaji walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akaleta maneno yake. Kazi ya namna hiyo inadai sikio. Rafiki wa nyumbani atakusubiri hadi upate la kujibu. Mwenzako wa mchezo usipomdaka neno papo hapo, kicheko kimepotea.

Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwapelekea waigizaji hao msemo kwamba mamlaka huliwa mazima. Walijadili maana yake, wakabishana, wakafanya mazoezi, wakasahihishana, mpaka wakaucheza kijijini Kawama mbele ya kamera za televisheni. Kitabu chake, Power and Performance, cha mwaka 1990, kimehifadhi safari hiyo. Ubishi wao haukulivunja kundi. Ndio uliouzaa mchezo.

Hapa Pweto pia, mto Luvua unapotoka ziwa Moero, wanaovuta wavu mmoja si lazima wawe wanakula sahani moja. Hata hivyo kila mmoja anajua nguvu ya mwenzake ilipo, na inapoishia. Ujuzi huo ni aina ya upendo, ingawa hatuuiti hivyo.

Rafiki wa nyumbani anatupenda tulivyo. Mwenzi wa kazi anatudai tuwe bora, tena anabaki hapo hapo tunapojaribu. Vichekesho vinavyoonyesha hayo bila kuhubiri ni kazi ya mafundi, na heshima tuwapayo iwe ya fundi.