Hammad wa Kufa na Mashine ya Kutunga

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.T.) na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), wanafunzi wamekuwa wakituuliza iwapo akili bandia inafaa kutungia kasida na tenzi. Wengi hulijibu suala hili kwa pupa, huyu akiharamisha na yule akishangilia. Lakini wanazuoni wetu walikwisha kulikuta jambo la sura hii.

Katika karne ya 2 H. aliishi Kufa bwana aitwaye Hammad, mwenye lakabu ya ar-Rawiya, yaani mpokezi mkubwa wa mashairi. Yeye ndiye anayetajwa kuwa alizikusanya Muallaqat. Mwanazuoni mwenzake wa Kufa, al-Mufadhdhal adh-Dhabbi, alilalamika kuwa Hammad ameyaharibu mashairi ya Waarabu uharibifu usiotengenezeka. Kwa nini? Si kwa ujinga wake, bali kwa elimu yake. Aliujua mtindo wa kila mshairi, akitunga beti za kufanana naye na kuzichanganya na zile za kweli, hata ikawa vigumu kupambanua.

Kufananisha ndiyo kazi ya programu hizi. Zimelishwa maandishi mengi mno, nazo hutoa neno linaloelekea kufuata neno. Tuliiagiza mojawapo utenzi wa Vita vya Badri. Vina vilikaa sawa, mizani ikapinda: kipande hiki 8, kile 9 au 10 (asiyehesabu kwa vidole hatambui). Hiyo ni kasoro ndogo, fundi ataisawazisha. Balaa ni kwamba ubeti mtamu kuliko yote ulimweka Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) uwanjani akipigana, ilhali alibaki Madina kumuuguza mkewe Bi Ruqayya, binti wa Mtume (S.A.W.). Ubeti huo ukishaghaniwa katika Maulidi, nani ataufuta vifuani mwa watoto?

Hatusemi chombo hiki hakina faida. Kikutafutie kina, kikukumbushe msamiati. Kamusi nayo hufanya hivyo. Mwandishi wa Kijapani, Rie Kudan, alipopata tuzo ya Akutagawa Januari 2024, alieleza kuwa takriban asilimia 5 ya riwaya yake ni maneno ya ChatGPT, tena pale ambapo katika kisa chenyewe mashine ndiyo inayosema. Wapo waliomlaumu. Kwa kipimo cha fiqhi, bibi huyo amebainisha, na kubainisha ndiko kunakomtoa mtu katika tadlisi, ile ya kuficha aibu ya bidhaa au ya sanadi. Anayesimama mimbarini na kasida ya mashine akaiita yake ameghushi, hata kama kasida haina kosa hata moja.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya, na jina la aliyeyakusanya tunalijua. Basi walimu wanaotoa nakala za kasida kwa ajili ya madrasa waandike chini ya kila karatasi: nani katunga, nani kapokea, na mashine imeingia beti zipi.