Nusu ya Nusu: Ufundi wa Kuipunguza Pemba

Kisiwa cha Pemba kina eneo la kilomita za mraba kama 988. Kipige picha kutoka angani kwa namna ambayo kila pikseli inafunika sentimita 7 tu za ardhi, na hesabu itakupa pikseli zipatazo bilioni 200. Kila pikseli ina tarakimu tatu, ya wekundu, ya kijani na ya buluu, kwa hiyo kabla ya kubanwa picha hiyo hula gigabaiti 600 hivi. Simu ya kawaida haiwezi kuibeba, na sheha mwenye mgogoro wa mpaka mbele yake hana subira ya kungoja ifunguke.

Hesabu hii si ya kufurahisha akili tu. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na kusaidiwa na Benki ya Dunia, ilianza kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni, katika mradi uitwao Zanzibar Mapping Initiative. Vindege vyenyewe ni vyepesi, vya povu gumu, vinarushwa kwa mkono, na miongoni mwa waliovirusha walikuwemo wanafunzi wa SUZA waliofundishwa kazi hiyo. Ung'avu uliopatikana ni wa hizo sentimita 7 hivi kwa pikseli. Droni zimesifiwa vya kutosha, na zilistahili. Ninayetaka kumsifu mimi ni yule anayebaki na kompyuta baada ya kindege kurudishwa kwenye sanduku lake: fundi wa kupunguza picha, kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayejua kwamba imefanywa.

Kazi yake inaanza na kukata nusu. Pikseli nne, mbili juu na mbili chini, zinafanywa moja. Picha iliyopatikana inakatwa nusu tena, na hiyo tena. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, ambazo kwa sentimita 7 ni pikseli zaidi ya laki tisa na nusu. Kata nusu mara kumi na zinabaki kama 935, kiasi cha kioo cha simu. Mara kumi tu, kutoka bilioni 200 hadi kisiwa kizima kukaa kiganjani. Na kila ngazi inahifadhiwa, ili mtazamaji akisogeza vidole viwili kuukuza mji wa Wete, kompyuta imletee ngazi inayomfaa na kipande kile tu anachokitazama. Unaweza kudhani ngazi zote hizo zinajaza diski. Robo, na robo ya robo, na robo ya hiyo, jumla yake ni theluthi moja ya picha ya kwanza. Bei hiyo ni ndogo, na kila ninapoikumbuka huona raha.

Ila kila nusu ina inachokiua, na fundi mzuri anajua kwa jina. Chukua jamvi la karafuu lililoanikwa uani, mita mbili kwa tatu. Katika picha ya kwanza lina pikseli kama 29 kwa 43, na unaona hata mahali karafuu zilipokusanywa upande mmoja. Nusu ya tatu inapofika, pikseli moja ni sentimita 56, jamvi bado ni jamvi. Nusu ya tano pikseli ni zaidi ya mita mbili, na jamvi zima limekuwa nukta moja au mbili za hudhurungi. Nusu ya sita mkarafuu mzima, na kivuli chake, unaingia katika pikseli moja au mbili. Juu ya hapo hakuna miti tena, kuna rangi ya shamba. Nusu ya kumi pikseli moja ni mita 72, na inaweza kumeza zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira.

Kilichonigusa zaidi ni misingi. Mwaka 2018 picha za mradi huu zilitumiwa katika mashindano ya kimataifa ya kuifundisha kompyuta kutambua majengo, na majengo yalipangwa makundi matatu: nyumba kamili, nyumba ambayo haijakamilika, na msingi. Anayeijua Pemba anaelewa kwa nini kundi la tatu lina uzito. Watu hujenga kidogokidogo. Msingi unaweza kukaa miaka, nyasi zikiota ndani, huku mwenyewe akingoja msimu mzuri wa karafuu au pesa za ndugu aliyeko Muscat, na hakuna jirani anayethubutu kuuita kiwanja kitupu. Sasa pima: tofali la inchi 6 lina upana wa sentimita 15. Katika picha ya kwanza mstari wa tofali ni pikseli mbili. Baada ya nusu moja ni pikseli moja. Baada ya nusu mbili ni mwembamba kuliko pikseli, unachanganyika na udongo wa pembeni na kufifia. Kwa hiyo anayefundisha kompyuta kutafuta misingi hawezi kupewa picha iliyokatwa nusu mara mbili ili tu kazi iende haraka. Nyumba zote za mabati zitaonekana, ramani itapendeza, na jitihada ya miaka ya familia kadhaa itahesabiwa kuwa kichaka.

Swali linalofuata ni jinsi nne zinavyokuwa moja, na hapa ndipo ufundi hasa ulipo. Njia ya haraka kuliko zote ni kuchagua pikseli moja kati ya nne na kuzitupa tatu. Kompyuta inamaliza upesi, lakini angalia ngalawa iliyofungwa ufukweni. Mirengu yake, miti ile miwili inayokwenda upande huu na huu, ina upana wa pikseli moja au mbili. Ukichagua kwa bahati, mrengu mmoja unabaki vipandevipande na mwingine unatoweka, na mistari ya bati mgongo inazua mawimbi ambayo juu ya paa hayapo. Njia ya pili ni wastani: zote nne zichangie. Picha inatulia, mrengu unabaki, hafifu lakini mzima. Njia ya tatu inatazama mbali zaidi, inazipa pikseli za jirani uzito tofauti, hata uzito wa chini ya sifuri, ili kingo zibaki kali. Maarufu kati ya vichujio vya namna hiyo ni kile chenye jina la Cornelius Lanczos, mwanahisabati wa Hungaria. Ni kizuri sana. Lakini mahali mchanga mweupe unapokutana ghafla na maji meusi ya kina, huacha utepe mwembamba usiokuwepo, na mtu wa uvuvi anaweza kudhani ni mwamba. Kwa pwani mimi ningechukua wastani, na ukali nikauongeza kidogo mwishoni.

Hata wastani una mtego ambao programu nyingi ziliuingia kwa miaka mingi. Tarakimu zilizomo ndani ya faili hazipandi sawasawa na mwanga. Sifuri ni giza, 255 ni mweupe kamili, lakini 128, iliyo katikati kwenye karatasi, ni sehemu moja tu kati ya tano ya mwanga ule. Mabati mapya yaking'aa kando ya kivuli cha mikarafuu, nusu kwa nusu, jicho lililo mbali litapokea nusu ya mwanga, na tarakimu yake ni 188. Programu inayojumlisha tarakimu na kugawa kwa mbili inaandika 128. Kosa hilo likirudiwa ngazi baada ya ngazi, mji wa Chake Chake unazidi kuwa na giza kadiri unavyosogea juu, na mtazamaji atasema siku hiyo kulikuwa na wingu. Fundi anayejua hubadilisha tarakimu ziwe mwanga, anapunguza, kisha anazirudisha. Kompyuta inachukua muda mrefu zaidi na hakuna atakayemshukuru.

Halafu kuna bahari. Programu inayounganisha picha za droni hutafuta alama zinazofanana katika picha mbili jirani, na maji yanayosukasuka hayana alama ya kudumu, kwa hiyo picha ya kisiwa hukatika mita chache nje ya ufukwe. Baada ya hapo faili imejazwa sifuri, ambayo kwa jicho ni weusi. Wastani usiojua hilo utachanganya mikoko na weusi huo. Nusu ya kwanza hakuna anayeona. Nusu ya saba kisiwa chote kimevikwa wanja, na visiwa vidogo vya upande wa magharibi vimezama nusu. Dawa ni kuiambia programu kwamba sifuri zile si rangi, zisihesabiwe.

Tena kuna ramani ambazo hazifai wastani kabisa. Ramani ya matumizi ya ardhi haina rangi za kweli, ina namba za makundi: tuseme 1 ni msitu, 2 ni mikarafuu, 3 ni mpunga. Ukingoni mwa Ngezi, pale msitu unapokutana na bonde la mpunga, wastani wa 1 na 3 ni 2, na kompyuta imekuoteshea mikarafuu mahali ambapo hakuna mche hata mmoja. Kwa ramani ya namna hii njia ile ya haraka niliyoisema vibaya ndiyo sahihi, au ile ya kuchukua kundi lenye wengi.

Yote hayo ni ya picha moja kubwa. Lakini nyuma yake kuna maelfu ya picha mbichi, na kamera ya pikseli milioni 20 inatoa picha yenye upana wa 5,472. Jioni, kambini, kabla ya kuhama Micheweni, fundi anazipunguza zote kwa mkupuo hadi robo ya upana, ambayo ni sehemu moja ya kumi na sita ya pikseli, aziunganishe haraka na kuona kama kuna pengo lililoachwa na upepo. Hapo anachunga jambo moja: kila picha inabeba ndani yake mahali ilipopigwa, na programu nyingine za kupunguza huzitupa habari hizo ili faili iwe nyepesi. Picha bila mahali ni mzigo. Kesho yake, akipunguza picha za harusi ya jirani ili zitumwe kwa simu, habari hizohizo atazifuta makusudi, kwa sababu si kila mtu anahitaji kujua nyumba ya bibi harusi ilipo.

Programu anazotumia nyingi ni za bure. ImageMagick ilianzishwa na John Cristy mwaka 1987, na ndani yake mna amri moja, mogrify, inayopunguza folda nzima na kuandika juu ya picha za asili bila kuuliza. Mafundi makini huiogopa amri hiyo wakiwa wanaitumia. Asili zinawekwa kwenye diski nyingine, zinafungwa zisiandikike, na zilizopunguzwa zinakwenda kwenye folda yao. Kabla ya maelfu ya picha kupita, chache zinajaribiwa, na hazichaguliwi nzuri: paa linalong'aa, bonde lenye ukungu, ufukwe wenye povu.  

Kazi yenyewe inaendeshwa usiku. Pemba inapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010; kabla ya hapo ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Umeme ukikatika saa nane za usiku, picha iliyokuwa ikiandikwa wakati huo inabaki nusu, chini kijivu kitupu, lakini jina lake ni kamili. Ukiwasha tena, programu inaona jina, inadhani picha ipo, inairuka. Kwa hiyo fundi huiagiza kompyuta iandike kila picha kwa jina la muda, na kuipa jina lake halisi pale tu inapokwisha kuandikwa yote. Asubuhi anatafuta majina ya muda yaliyosalia. Mara nyingi huwa ni moja. Analifuta, anaagiza kazi iendelee, na mashine inaanzia palepale ilipoachia.