Kabla ya Kufunga

Wapigaji wengi wa gitaa la umeme wakisikia habari ya tremolo ya kufunga, ule mkono wa kupindishia sauti unaokwenda na vibanio vya kufungia nyuzi, huanza kulalamika kabla hawajaulizwa. Watakwambia kuwa kubadilisha nyuzi zake ni kazi ya muda mrefu, kwamba bila alenki mfukoni huwezi kitu, na kwamba uzi mmoja ukikatika jukwaani, tano zilizobaki hupotoka papo hapo. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo nataka kulisifu gitaa lenye tremolo hiyo, na zaidi nataka kuwasifu mafundi wanaojua kuliandaa, maana bila wao lingekuwa mzigo mtupu.

Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipotoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954, aliliwekea mkono wa chuma kwenye briji na springi tumboni. Ukiusukuma mkono, nyuzi hulegea na sauti hushuka, ukiuvuta, hupanda. Jimi Hendrix akaudhihirishia ulimwengu kwamba mkono ule unaweza kulia, kunguruma na kupiga yowe. Tatizo ni kwamba baada ya yowe, nyuzi hazikurudi zilikotoka. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Floyd Rose, mpiga gitaa aliyekuwa na ujuzi wa kutengeneza vito, aliona kiini cha kasoro hiyo: uzi hukwaruza pale shingo inapokutana na kichwa, ukakwama njiani. Akatengeneza kibanio cha kuufunga hapo hapo, kisha ukafungwa na upande wa briji. Hataza yake ilitolewa mwaka 1979, na Eddie Van Halen alikuwa miongoni mwa waliokitumia mapema. Vile vya kwanza Rose alivitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba chombo cha muziki wenye kelele kuliko wote kilizaliwa kwa ustadi wa sonara.

Nairobi, nyuma ya duka la kutengeneza redio, yuko mzee mmoja ambaye vijana wa bendi za roki humpelekea magitaa yao. Huwa namtazama akifanya kazi. Akipokea gitaa, kwanza hulilaza juu ya taulo, akainamisha kichwa mpaka jicho likawa sawa na uso wa bodi, akatazama briji imelala vipi. Haiguswi bado. Briji hii haikukalia mbao; inaelea, imeegemea skrubu nene mbili kwa makali mawili membamba ya chuma. Mbele, nyuzi sita za unene wa namba 9 huivuta kwa nguvu ya kilo 38 hivi. Nyuma, ndani ya tundu la mgongoni, springi tatu huivuta kwa kuzipinga nyuzi. Kazi yote ya fundi iko katikati ya mivutano hiyo miwili.

Ndiyo maana hakuna uzi unaoguswa ukawa umeguswa peke yake. Ukikaza ule mnene, briji huinama mbele kiasi cha unywele, na zile ulizokwisha kulinganisha zinalegea. Mzee huanza na uzi mnene, akaja hadi mwembamba, akarudi mwanzo. Mzunguko wa kwanza sauti zote ni ovyo. Wa pili zinaanza kuelewana. Hapo huligeuza gitaa, akazipa skrubu zinazoshikilia springi robo mzunguko, kila moja kwa zamu, akaligeuza tena na kuanza upya. Waliokaa karibu na wapiga kanuni wa taarabu Unguja wanaijua subira hii, ya mtu anayepita uzi baada ya uzi ilhali ukumbi unamngoja, na hakuna anayethubutu kumharakisha.

Kuna jambo moja dogo linalonionyesha fundi ni nani. Akitaka kuishusha briji, mzee hulegeza nyuzi kwanza, zote, ndipo anatia alenki kwenye zile skrubu nene. Fundi wa haraka huzizungusha nyuzi zikiwa zimekazwa, na hakuna anayeona ubaya wowote. Lakini wakati huo yale makali yamegandamizwa kwenye skrubu kwa nguvu zote za nyuzi, na kila mzunguko unayasaga. Siku hiyo gitaa litapigwa vizuri. Baada ya miezi, sauti itaanza kubaki chini kidogo kila mkono unaposukumwa, na kubaki juu kidogo kila unapovutwa, na mwenye gitaa atalaumu nyuzi.

Kwa sababu hiyo anayechagua gitaa la namna hii asianze na rangi wala umbo. Apige uzi, asukume mkono mpaka nyuzi zining'inie, aachie, asikilize. Kisha auvute juu, aachie, asikilize tena. Makali mazima, ya chuma kilichokazwa kwa moto, hurudi mahali pake kila mara. Makali ya madini laini, yanayojaa kwenye nakala za bei rahisi, hayana maisha, na hata fundi hodari hawezi kuyafufua. Na anayetaka kubadili nyuzi za namba 9 kuweka namba 10 ajue kwamba ameongeza karibu kilo 8 za mvuto; springi lazima zijibu, kazi ianze mwanzo.

Nakumbuka kijana mmoja aliyefika na gitaa lake jua likiwa linazama, ana shoo usiku huo. Nyuzi zilikuwa mpya, bado zinanyumbuka. "Mzee, we funga tu, zingine nitarekebisha huko huko." Mzee hakuinua uso. "Mwanangu, hiki kibanio hakina akili. Ukikipa sauti nzuri kitakutunzia. Ukikipa mbovu, kitakutunzia vilevile." Akaendelea kuzivuta nyuzi kwa kidole, moja moja, mpaka zikaacha kunyumbuka. Akaweka skrubu ndogo za kurekebishia sauti katikati ya mwendo wake, ili kijana awe na nafasi ya kupandisha na ya kushusha. Mwisho kabisa ndipo akafunga.

Haraka hii haikuanza na vijana wa leo. Katika miaka ya 1980, tremolo hii ilipokuwa fasheni, Stratocaster nyingi za zamani zilichimbwa kwa mashine ili iingie. Mbao iliyokwisha kuchimbwa hairudi, na wakusanyaji wa magitaa wanazililia mpaka leo. Wale walikosa kwa kupenda kupita kiasi. Sisi tunakosa kwa kutojali. Tunanunua nakala, inapotusumbua tunapigilia kipande cha mbao nyuma ya briji isisogee tena, kisha tunasema chombo hiki ni kibaya. Na yupo anayekanyaga pedali inayopindisha sauti kwa hesabu za kompyuta, akaridhika, wala mkono wake hauhisi tena uzito wa nyuzi zikipambana na springi.

Mzee hana mwanafunzi. Wamekuja kadhaa, wanataka kujua skrubu ipi huzungushwa kwenda wapi, jambo ambalo hufundishika kwa dakika chache, na wakishalijua wanaondoka. Ile kazi nyingine, ya kurudia mzunguko wa tatu na wa nne wakati sikio la mteja limesharidhika, haiandikiki popote. Siku atakapoacha kazi, magitaa yatakuwepo, alenki zitakuwepo, na vibanio vitaendelea kufunga barabara kama vilivyoundwa kufunga. Vitakuwa vinafunga sauti zilizopinda, na wasikilizaji waliozizoea hawatajua wamepungukiwa nini.