Ngome ya Otranto na Magofu ya Pate

Msomaji aliyelelewa na Al-Inkishafi anapoifungua kwa mara ya kwanza riwaya ya Horace Walpole, The Castle of Otranto, aweza kudhani kwamba amefika mahali anapopajua. Riwaya hiyo, iliyotoka London mnamo Desemba 1764, huhesabiwa kuwa ya kwanza katika jamii ya riwaya za Kigothi, yaani zile za majumba ya kale, mizuka na siri za ukoo. Shairi la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, lililotungwa Pate yapata mwanzoni mwa karne ya 19, nalo lina majumba matupu, giza na popo. Ni rahisi basi kuliita shairi la Kigothi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kufanya hivyo ni kukosea. Hata hivyo, kumsoma Walpole kuna faida kwa mhakiki wa Al-Inkishafi.

Tuanze na tofauti. Katika Otranto, kofia kubwa ya chuma inamwangukia na kumwua Conrad siku ya arusi yake. Ajabu hiyo, na nyingine zinazofuata, zina kazi moja: kufichua kwamba babu yake Manfred, mtawala wa ngome, alimpa sumu Alfonso, mwenye milki ya haki. Siri inapofichuka kuta zinaanguka, na Theodore, mrithi wa kweli, anatambuliwa. Mzuka, kwa hiyo, ni shahidi katika kesi ya urithi. Tena Walpole aliandika haya akiishi Strawberry Hill, nyumba aliyoijenga upya kuiga ukale, ambayo baadhi ya mapambo yake yalikuwa ya karatasi iliyofinyangwa ili ionekane kama mawe. Gofu kwake lilikuwa jambo la kuchagua.

Sayyid Abdallah hakuchagua. Mji wake ulikuwa umedhoofika, na kushindwa kwa Pate katika vita vya Shela, yapata 1812 au 1813, kuliudidimiza zaidi. Katika shairi lake hamna mzuka hata mmoja. Wakazi wapya wa majumba ni popo, ndege na wadudu, viumbe ambao kila mtu wa Pate aliwajua. Hakuna siri inayongoja kufichuliwa, wala mrithi anayengoja kutambuliwa. Fani yenyewe inathibitisha jambo hili. Kila ubeti unamalizikia kina kile kile cha -ye, na mara nyingi kina hicho ni kiishio cha wakati timilifu wa kale katika lahaja za kaskazini. Utajiri wowote utakaotajwa katika mishororo mitatu ya kwanza, wa nne unaufikisha kwenye jambo lililokwisha kutendeka. Walpole anaziangusha kuta mwishoni mwa kisa. Kwa Sayyid Abdallah zimekwisha kuanguka, na kinachobaki ni kuuhoji moyo.

Faida iko wapi, basi? Iko katika swali ambalo riwaya ya Kigothi hailiachi: nani alidhulumiwa ili jumba hili lisimame? Al-Inkishafi inawataja wanaume waliowakanda na kuwapepea matajiri, na wanawake waliowatumbuiza hadi wakasinzia. Lakini shairi linapouliza wako wapi watu wa zamani, linauliza juu ya wakubwa na wanazuoni. Waliopepea hawaulizwi. Walikuwa nani, na walikwenda wapi majumba yalipohamwa? Shairi linalaumu kiburi cha wenye mali. Asili ya mali hailichunguzi. Kusema hivi si kumvunjia heshima mshairi, aliyekuwa akiuonya moyo wake na wala hakuwa akiandika tarikhi. Ni kusema tu kwamba mhakiki anao wajibu ambao mshairi hakuwa nao.

Katika mji wa Pate tumbaku imekuwa ikilimwa katikati ya kuta za matumbawe zilizobomoka. Mgeni aliyezisoma riwaya za Kigothi atatafuta huko mzuka na asiuone. Afadhali atafute vyumba vya watumishi. Nasi tunaofundisha fasihi tusiipime Al-Inkishafi kwa kipimo cha Otranto ili kuipa cheo, cheo inacho. Tuchukue kutoka Otranto lile swali moja la dhuluma, turudi nalo Pate, na tulisome shairi upya kuanzia beti za wale waliosimama kando ya kitanda.